Sentimita Kumi

Kinu cha karatasi kilipofungwa, mwezi wa kumi na moja,
walituletea kijana kutoka Helsinki,
viatu vyeupe, meno yamepangwa kama vigae vya bafu,
akatugawia karatasi za njano zenye gundi mgongoni.
Andikeni kesho yenu, akasema. Msiandike woga.
Ulimwengu husikia tunachokiwaza.

Tulikuwa watu arobaini na mmoja katika ukumbi wa zimamoto.
Nikaandika NAWEZA, kwa herufi kubwa,
maana kalamu ilikuwa nene na sikuwa na neno jingine.
Hilkka, jirani yangu wa mashine ya tatu,
aliinamia yake muda mrefu, ulimi pembeni mwa mdomo,
kama mtu anayejaza fomu ya kodi:
Mkopo wa nyumba, miezi kumi na tisa.
Miaka hamsini na minane.
Goti la kushoto.
Gari limeuzwa.

Kijana akaisoma, akatabasamu kwa huruma.
Mama, hii ni sumu. Unajifungia mlango mwenyewe.
Penye nia pana njia.

Hilkka akavaa koti, kifungo kimoja kimoja.
(Kwetu mtu akikasirika husikii kitu; unaona vifungo tu.)
Njoo, akasema. Alikuwa akimwambia yule kijana,
lakini aliyemfuata ni mimi.

Ng'ambo ya ziwa kuna nyumba ya wazee,
wanatafuta mtu wa kufua, siku tatu kwa juma.
Kwa barabara ni kilomita thelathini na moja, na basi hakuna.
Kwa barafu ni tatu.
Hilkka alibeba keekee ndefu ya marehemu baba yake,
akazungusha, barafu ikalia kama paka aliyekanyagwa.
Akatumbukiza rula. Nne.
Nikasema, labda huko mbele ni nene zaidi.
Akanitazama.
Labda, akasema, ndilo jina la pikipiki ya Raimo.

Pikipiki ya theluji ya Raimo ipo chini pale tangu mwaka juzi,
samaki wamekwisha kariri namba zake za usajili.
Raimo mwenyewe alivutwa kwa ngazi na kamba,
akisema, meno yakigongana: ingewezekana.

Tukarudi. Saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshakaa kitako.
Usiku ule nilimchukia Hilkka, sifichi.
Nilitaka kudanganywa kidogo,
kidogo tu, kama sukari kwenye kijiko cha dawa.
Nikabandika NAWEZA yangu kwenye friji
nikaitazama mpaka supu ikaungua.

Asubuhi, bado giza, nikasikia keekee.

Na kesho yake. Na mtondo.
Hapo ndipo iliponijia, nikiwa na mswaki mdomoni:
aliyekata tamaa hatoboi.
Aliyekata tamaa amelala.

Nikaibandua ile ya njano, nikampelekea.
Akaigeuza, akaandika mgongoni, kalamu ikiteleza kwenye gundi:
4. 4. 5.
Theluji ikaanguka, ikaifunika barafu kama blanketi,
nayo, kwa lile joto, ikagoma kukua.
5. 5.
Krismasi hakupima, au alipima asiandike.
7. 9.

Tarehe kumi na mbili Januari rula ikasema kumi na moja.
Hilkka hakushangilia. Alijifunga kamba kiunoni,
ncha ya pili akanifunga mimi,
akanivika shingoni misumari miwili ya kujiokolea,
akakaza kifuniko cha chupa ya kahawa.
Penye nia, akasema, na sentimita kumi.
Akatangulia. Goti lilimsumbua, niliona.

Katikati ya ziwa barafu ikanguruma, mbali, chini yetu.
Nikasimama.
Hiyo ni nzuri, akasema bila kugeuka. Inanenepa.

Ng'ambo dirisha moja lilikuwa na taa.
Hatukujua kama kazi bado ipo.